Baba mkwe asema tafsiri ni kiporo, na binti yangu kapewa sifuri ya ushairi

Shikamoo Somo,

Naandika huku nimesimama, mkono mmoja uko kwenye mashine ya fotokopi, kwa hiyo unisamehe maneno yakipishana. Nina kibanda cha stationari huku Ngamiani, Tanga. Umri wangu ni miaka 39. Mume wangu anaendesha lori la mizigo kwenda Lubumbashi. Akiondoka ni wiki tatu, nne, na foleni ya mpakani ikiwa mbaya mwezi unakatika. Nyumbani tunabaki mimi, mtoto wa kiume wa miaka sita, binti yangu wa kidato cha pili, na baba mkwe wangu ambaye ana miaka 78.

Mzee huyu ni mshairi. Hajatoa kitabu, lakini ujanani alikuwa akituma mashairi gazetini kwa posta, na kila lililochapwa alilikata akalibandika kwenye kaunta buku ambalo wajukuu hawaruhusiwi kuligusa mpaka wanawe mikono. Baada ya alasiri hukaa barazani akaghani. Muuza kahawa akipita hapo hunyamazisha vikombe vyake.

Sasa sikiliza kilichotufika. Mwezi uliopita binti yangu alipewa kazi ya kutunga shairi. Akaandika hili:

Babu ameweka meno kwenye glasi.
Usiku kucha yanacheka peke yake.
Nasoma kwa mwanga wa simu,
nayaogopa,
nayaonea wivu:
yameshasema yote,
sasa yanapumzika.

Mwalimu akalipiga mstari mwekundu toka pembe hadi pembe, akaandika chini: "Vina viko wapi? Mizani iko wapi? Hili si shairi." Sifuri juu ya kumi.

Mtoto alilia. Nikaona nimtafutie wa kumpoza, na kwa akili yangu nikasema wa kumpoza ni babu yake, mshairi mwenzake. Usiku tukiwa mkekani tunakula nikamsomea mzee shairi lile kwa sauti. Somo, naapa habari ya meno haikunipitia kichwani. Nilipomaliza mstari wa kwanza tu nikajua nimeshaharibu. Mzee aliliweka tonge sahanini, akanawa, akasema: "Halina vina, halina mizani, halina adabu." Tangu siku hiyo glasi yake anaingia nayo chumbani na mlango anaufunga. Barazani hakai tena. Muuza kahawa ameniuliza kama mzee anaumwa.

Binti naye kanuna kivyake. Ananiambia: "Mama, Kiswahili ni cha kuhesabu, Kiingereza ni cha kusoma." Usiku namkuta ndani ya chandarua na simu, anasoma hadithi za Kiingereza, na daftari la Kiswahili kalitupa chini ya kitanda.

Na mimi nina langu dogo. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kusoma kitabu kwa raha yangu. Mwaka jana mteja mmoja aliniazima *Peponi*, kile cha Abdulrazak Gurnah kilichofasiriwa. Nilikisoma kurasa nne nne, mteja akija nafunga, akitoka nafungua. Yusuf alipochukuliwa kwao kwa deni la baba yake nililia juu ya karatasi za watu. Basi kwa furaha nikamhadithia baba mkwe. Akaniuliza: "Kimeandikwa kwa lugha gani?" Nikamwambia kwa Kiingereza, kisha kikafasiriwa. Akacheka: "Basi unakula kiporo, mke wa mwanangu. Tena kiporo cha jirani." Akanisomea na ule mstari wa Shaaban Robert, *titi la mama litamu, hata likiwa la mbwa*. Nikanyamaza. Nani wa kubishana na Shaaban Robert ndani ya Tanga?

Naomba unijibu matatu. Lile la mtoto ni shairi au si shairi? Kuna vitabu gani vya nje kwa Kiswahili ambavyo yeye na mimi tunaweza kusoma bila kuona tunakula makombo? Na mzee nimrudisheje barazani?

Mimi niliye katikati,
Ngamiani, Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kusimama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na shairi la binti mara nyingi zaidi. Nianze na hilo.

Ni shairi. Tena lina jambo ambalo watu wazima wengi hulitafuta wasilipate. Mtoto wa miaka kumi na mitano anayatazama meno ya bandia yakiwa kwenye maji, anayaogopa, hilo kila mtoto angelisema. Halafu anaandika "nayaonea wivu." Hapo nilisimama. Anayaonea wivu kwa sababu yamekwisha kusema, na yeye bado hajaanza. Mzee wako kasikia dhihaka, lakini hakuna dhihaka humo: huyo ni mtoto anayetamani kuwa na umri wa babu yake. Na hebu mwambie auhesabu mstari wake wa mwisho. Sa-sa-ya-na-pu-m-zi-ka. Nane kamili. Hakukusudia, lakini kila jioni amekuwa akimsikia mtu akighani barazani, na masikio yamejiwekea akiba.

Kuhusu mwalimu, usiende shuleni kugombana. Kwanza kauliza swali la kazi lilikuwaje. Kama waliambiwa watunge shairi la kimapokeo, sifuri ni ya ukali lakini haikukosea njia. Mtihani una masharti yake na binti itabidi ayajue. Kosa ni yale maneno matatu, "hili si shairi." Ugomvi huo una zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa diwani yake *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wazee wa ushairi walimjia juu kwa maneno yale yale aliyoandika mwalimu kwa wino mwekundu. Vijana wa vyuo nao wakajibu kwamba vina ni pingu. Walilumbana kwelikweli. Leo mashairi ya namna zote mbili yanafundishwa shuleni, na mwalimu huyo anayafundisha, nina hakika. Binti yako yuko kwenye foleni yenye watu wa heshima.

Lakini mimi si mtu wa kuvitupa vina. Ninachokataa ni namna vinavyofundishwa, mtoto anahesabu mizani kwa vidole kana kwamba anahesabu chenji. Mizani ni kitu cha koo. Twaa huo mstari aliokupigia mzee: ti-ti-la-ma-ma-li-ta-mu, nane. Kipande cha pili: ha-ta-li-ki-wa-la, sita, kisha mbwa. Ukilihesabu kwa macho ni silabi moja, jumla saba, na utasema Shaaban Robert kapungukiwa. Lighani sasa. Ulimi wenyewe utasimama kwenye *m* kabla ya kushuka kwenye *bwa*: m-bwa. Nane. Hilo halionekani kwenye ubao. Linasikika barazani, na anayeweza kumfundisha binti yako ndiye huyo aliyefunga mlango.

Haya, tuje kwenye kiporo.

Nimecheka, kwa sababu mzee kachagua neno zuri kuliko alivyojua. Nani huko Tanga asiyekijua kiporo? Wali wa nazi uliolala, ukapashwa asubuhi kwa moto mdogo, chini ukashika ukoko, pembeni chai ya tangawizi. Kuna watu usiku wanajinyima makusudi ili asubuhi wakikute. Kiporo kinaharibiwa na mpashaji. Akikiweka kwenye moto mkali kinaungua, akikiacha wazi kinachacha, na zipo tafsiri za namna hiyo, sikufichi: Kiswahili chake kimekakamaa, sentensi ina mifupa ya lugha nyingine ndani, unasoma unahisi unatafuna mchanga. Kipimo changu ni chepesi. Fungua ukurasa wowote, usome kwa sauti. Kama kufika sentensi ya tatu ulimi umejikwaa, kirudishe rafuni. Kama umesahau kwamba unasoma kwa kujaribu, nenda nacho nyumbani.

Na sasa Shaaban Robert mwenyewe. Aliyeandika kwamba titi la mama ni tamu hata likiwa la mbwa, mtoto wa Vibambani karibu na mji wenu, aliyezaliwa 1909, ndiye huyo huyo aliyekaa chini akafasiri. Kitabu kinaitwa *Omar Khayyam kwa Kiswahili*, kilitoka 1952. Khayyam alikuwa mtu wa Nishapur, Uajemi, mwanahisabati na mtazama nyota, alifariki 1131. Tungo anazojulikana nazo ni rubai, beti za mistari minne minne. Mwingereza Edward FitzGerald alizitia kwenye Kiingereza mwaka 1859, na Shaaban Robert akazichukua kutoka huko. Unaona safari hiyo? Kiajemi, Kiingereza, Kiswahili cha Tanga. Kwa hesabu ya baba mkwe wako hicho ni kiporo kilichopashwa mara mbili. Na aliyekipasha ni mtu ambaye hakuna mzee wa Ngamiani atakayethubutu kumwambia hajui kupika.

Usimrushie hilo usoni, lakini. Muulize kwa upole: "Baba, shuleni mlikuwa mnasoma vitabu gani?" Kwa umri wake, kama alipita darasani miaka ya hamsini, nakisia atataja *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, au *Kisiwa Chenye Hazina*, au Abunuwasi na Alfu Lela Ulela. Atakuhadithia na macho yatang'aa. Mwache amalize. *Mashimo* ni kitabu cha Mwingereza, Rider Haggard, cha 1885. Kiswahili chake ni cha 1929. *Kisiwa* ni cha Robert Louis Stevenson. Alfu Lela ilitoka Uarabuni, na kabla ya kufika huko ilipitia Uajemi na kwingineko. Amekula viporo tangu utotoni, vikamnenepesha, na kwa sababu vilipashwa vizuri hakujua kwamba ni viporo.

Na kama bado anakaza, kuna Hamziya, ile kasida ya kumsifu Mtume aliyoitunga al-Busiri wa Misri karne ya 13. Sayyid Aidarus wa Pate aliitia kwenye Kiswahili zaidi ya miaka 250 iliyopita, ubeti kwa ubeti. Ni miongoni mwa tungo kongwe kabisa tulizonazo za Kiswahili zilizobaki kwenye maandishi, na ni tafsiri. Nikiwasikia watu wakisema fasihi yetu halisi ni ile isiyoguswa na mgeni, huwa najiuliza wanaanzia kuhesabu wapi.

Vitabu sasa. Nitakutajia vichache, maana orodha ndefu hutundikwa ukutani ikasahauliwa.

Kwa binti, wa kwanza ni *Wimbo wa Lawino*. Aliyeutunga ni Okot p'Bitek wa Uganda, aliuandika kwa Kiacholi, akautoa kwa Kiingereza mwaka 1966, na Paul Sozigwa akautia kwenye Kiswahili miaka ya sabini. Ni shairi refu la kitabu kizima, halina vina vya kuhesabu, na ni mwanamke anamlalamikia mumewe ambaye kusoma kumemfanya aidharau nyumba aliyozaliwa. Lawino anachekesha, anatukana, analia, anacheza ngoma, yote kwenye ukurasa mmoja. Binti ataona kwamba alichokifanya yeye kwa mistari saba kuna mtu alikifanya kwa mamia. Na mzee, ukimsomea kipande, atamkuta Lawino yuko upande wake: anayesema boga la nyumba ya zamani lising'olewe. Sijui kitabu kingine ambacho mjukuu na babu wanaweza kukigombania kila mtu akidhani ni chake.

Wa pili, kwa umri wake, *Shamba la Wanyama*, riwaya ya George Orwell iliyofasiriwa na Fortunatus Kawegere, 1967. Ni fupi, ina nguruwe, na ana umri wa kuelewa nguruwe ni nani. Kama anapenda zaidi mambo ya ndoto na maneno ya kuchezeana, mtafutie *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ambaye ndiye huyo huyo aliyekutoa machozi kwenye *Peponi*. Na mdogo wake wa miaka sita asikae bure: *Mwana Mdogo wa Mfalme* wa Saint-Exupéry kipo kwa Kiswahili, kina picha, na wewe utakayemsomea ndiye utakayepata donge kooni.

Hizo hadithi za Kiingereza za kwenye simu usimkataze. Ukimkataza atazisoma kwa siri na atazipenda mara mbili. Mpe kazi: kila usiku achague aya moja aliyoipenda amsimulie mdogo wake kwa Kiswahili. Atakwama. Atakutana na neno "uncle." Kiingereza kinalo hilo moja tu, mtu asijue ni ndugu wa mama au ndugu wa baba. Kiswahili hakimkubalii, aseme mjomba, au ami, au baba mdogo, na kila moja lina nyumba yake na desturi zake. *Peponi* unacho au unaweza kukiazima tena: angalieni pamoja yule mfanyabiashara Aziz anavyoitwa na Yusuf, na namna Khalil anavyomkanya kila mara kwamba huyo si "uncle" wake, amwite Seyyid. Riwaya nzima imekaa juu ya neno hilo moja. Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, akaondoka kijana kwenda Uingereza, akaandika kwa Kiingereza watu ambao masikioni mwake walikuwa wanaongea Kiswahili. Mfasiri kawarudishia ulimi wao. Kiporo cha jirani? Wali ulipikwa kwetu, ukala safari, umerudi.

Nikumbushe na mchezo mwingine, huu kwa siku za mapumziko. Mwalimu Nyerere alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ile ya Kaizari aliitoa 1963, hakuridhika nayo, akairudia na kuitoa upya 1969, alipokuwa rais wa nchi na kazi zake si haba. Ya pili, mwaka huo huo wa 1969, akaiita *Mabepari wa Venisi*. Kwa Kiingereza jina ni la mfanyabiashara mmoja tu. Mwulize binti: kwa nini hakusema mfanyabiashara, na kwa nini amemfanya mmoja kuwa wengi? Mpe tarehe ya Azimio la Arusha, 1967, halafu mwache afikiri mwenyewe. Anayesema tafsiri ni kunakili hajawahi kukaa na jina hilo dakika tano.

Kwako wewe nina kimoja tu, na nakuomba uanze nacho kabla ya kingine chochote: *Barua Ndefu Kama Hii*, cha Mariama Bâ wa Senegal. Kwa Kifaransa kilitoka 1979. Mwanamke amefiwa na mume, amekaa eda, na siku zile za kukaa ndani anamwandikia shoga yake yote aliyoyameza kwenye ndoa. Wasomaji wa Ulaya huwekewa maelezo chini ya ukurasa ya nini maana ya eda. Wewe hutahitaji. Kuna vitabu ambavyo tafsiri ya Kiswahili iko karibu na mwenye kisa kuliko lugha kilichoandikiwa, na nadhani hiki ni kimojawapo. Soma kurasa nne nne kama ulivyozoea. Namna hiyo ya kusoma usiidharau. Kitabu kinakaa kichwani kutwa, unakitafuna kati ya mteja na mteja.

Kuvipata si rahisi, nikwambie mapema. Vile vya miaka ya sitini na sabini vingi havichapwi tena. *Peponi* na *Mwana Mdogo wa Mfalme* ni vya wachapishaji Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, hivyo vinaagizika. Vya zamani kaanze maktaba ya mkoa hapo hapo mjini Tanga, kaulize rafu ya Kiswahili na usikate tamaa ukiambiwa havipo kabla ya mtu kuinuka kwenda kutazama. Mtu akienda Dar, mwagize kwa wauza vitabu vya mitumba, hawa wanaovipanga chini kando ya barabara. Wanajua vitu ambavyo maduka makubwa hayajui. Na mwanangu, najua una mashine. Najua mkono utawasha. Kitabu kizima usikitoe fotokopi.

Nimemweka mzee mwisho kwa sababu ndiye mgumu.

Amekwambia shairi halina adabu, na hapo ana haki kidogo. Ulimsomea habari ya meno yake mbele ya watu na tonge mkononi. Kwa hiyo kamwombe radhi wewe, peke yako, kabla ya yote, na shairi usilitaje. Taja kwamba ulimvunjia faragha. Binti asiombe radhi kwa shairi. Aombe kwa kutokumwonyesha yeye kwanza.

Kisha kumbuka huyu ni mshairi wa gazetini. Watu hao wana desturi moja: ukitungwa, unajibu. Walikuwa wakijibizana kwa wiki kadhaa, huyu wa Tanga, yule wa Lindi, mwingine wa Ujiji, wanavunjiana hoja kwa vina na kusalimiana kwa vina. Mjukuu wake amemtunga. Hajajibu. Nadhani hilo linamuuma kuliko glasi. Lakini hawezi kuanza, kwa sababu akianza atakuwa amekubali kwamba lile ni shairi.

Kwa hiyo nimemwanzia. Mwambie binti anakili mistari hii mitatu kwa mwandiko wake mzuri, kwenye karatasi safi ya A4 kutoka kibandani kwako:

Meno yangu kwenye glasi, mjukuu wayacheka,
Yalitafuna nanasi, na mifupa ikavunjika,
Sasa yapata nafasi, majini kupumzika,

Mstari wa nne haupo. Na ule wa pili nimeuharibu makusudi: kipande chake cha mwisho kina mizani tisa. Binti ataliona hilo akihesabu, mkanye asirekebishe. Iacheni karatasi usiku karibu na ile glasi, na kalamu juu yake.